Amana Yenye Rangi Sita

Kule Nyabiyonza, mtu akitaka kusafiri na ana kitu chake cha thamani, hakumwachia mwingine ila Stephania, mke wa Apolinary Rwegoshora. Walikuwako wenye nyumba za bati, walikuwako na wenye makabati ya kufuli, lakini watu waliipita milango yote hiyo wakaishia kwenye nyumba yake ya udongo katikati ya migomba. Aliwahi kuachiwa mbegu za maharage za watu wanne kwa wakati mmoja, na kila mmoja akarudishiwa zake bila kuchanganywa na za mwenzake. Pete ya mjane mmoja aliitunza tangu vita vya mwaka sabini na nane vilipoanza hadi mwenyewe aliporudi kutoka alikokimbilia. Madarasa alikuwa amesoma manne tu, na manne hayo aliyataja kama mtu anayetaja ng'ombe zake, maana wasichana wengi wa rika lake hawakupata hata moja.

"Kitu cha watu hakiharibiki mkononi mwangu," alipenda kusema. "Kinaondoka kama kilivyokuja."

Neno hilo ndilo lililokuja kumkaba koo mwaka themanini na tano.

Ilikuwa Januari. Fidele Hategekimana, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amepata nafasi ya kwenda kozi ya mwaka mzima. Wazazi wake walitoka Rwanda zamani wakamzaa hapahapa, na wote wawili walikuwa wameshafariki, kwa hiyo kijana yule alikaa peke yake. Alifika kwa Stephania na ufunguo wa nyumba, jembe moja, kuku mtetea, na kitu kilichofungwa ndani ya leso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuku namjua, jembe nalijua. Hicho ni nini?"

Fidele akafungua leso polepole, kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Ndani mlikuwa na kidude cha plastiki, ukubwa wa ngumi, chenye pande sita. Kila upande ulikuwa na vipande tisa vya rangi moja: upande mmoja mweupe, mmoja mwekundu, wa manjano, wa kijani, wa buluu, na wa rangi ya chungwa.

"Huu unaitwa mchemraba, mama."

"Mchemraba ni hesabu za darasa la nne," akasema Stephania, asije akadhaniwa hajui.

Fidele akacheka, kisha akaacha kucheka. Akamweleza kwamba kidude kile alipewa na padri mzungu aliyemsomesha. Siku padri yule alipokuwa anarudi kwao, naye ni mgonjwa, alikaa kwenye kiti akakichanganya rangi zote, halafu akazipanga tena mbele ya macho yake. Akamkabidhi akisema, "Nimekuachia kikiwa kimetulia." Mwaka haukwisha, habari ya kifo chake ikafika.

"Tangu siku ile sijakigeuza," alisema Fidele. "Mimi mwenyewe sijui kukipanga. Ukikitunza hivi kilivyo, mama, mimi utakuwa umenitunzia mtu."

"Nenda kasome," Stephania akamjibu. "Utakikuta hivyohivyo."

Akakiweka mahali pa heshima kuliko pote ndani ya nyumba: juu ya uchaga, pale juu ya jiko, zinapokaa mbegu. Moshi hufukuza mchwa, na wadudu wa mbegu hawapandi pale. Mbegu za watu zilikuwa zimepona miaka yote kwenye uchaga ule, na aliona plastiki nayo itapona.

Ikapona. Lakini mvua za Machi zilipoanza, paa likavuja, na Stephania alipokishusha aliikuta leso nyeusi kama kitako cha chungu. Masizi yalikuwa yameingia mpaka ndani. Sabuni mwaka ule ilikuwa ya kusikia tu kwa wenye ndugu mjini. Akachovya kitambaa kwenye maji, akakigusisha jivu laini, akashika kidude upande mmoja akausugua mwingine.

Kikalia, "Ka."

Upande ukahama. Ulikaa mshazari, umetoka kwenye mwenzake kama goti lililochomoka. Stephania akauma mdomo. Akajaribu kuusukuma urudi, ukapitiliza. Akashika kwingine avute, kukageuka na huko. Alipokuja kukiweka chini, nyekundu ilikuwa ndani ya nyeupe, manjano imeingia kwenye buluu, na hakuna upande hata mmoja uliokuwa na amani.

Apolinary akaingia na jembe begani, akamkuta mkewe amekaa sakafuni, mikono mapajani.

"Mama Placidius, nani kafa?"

"Nimekitegua kitu cha mwalimu."

Apolinary akainama akatazama. Alikuwa mtu wa mizaha, hata msibani alihitaji kufinywa. "Basi kama kimeteguka, si Mzee Kaijage yupo?"

Yeye alikuwa anatania. Mkewe hakuwa anatania. Kesho yake asubuhi, kidude kikiwa kwenye kikapu, Stephania alikwenda ng'ambo ya bonde kwa Mzee Kaijage, aliyeunga mifupa ya watu na ya mbuzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?"

Stephania akamtoa mgonjwa kwenye kikapu. Mzee Kaijage hakucheka, maana katika kazi yake alikuwa ameshaletewa mengi. Alifumba macho akakipapasa pande zote. Akachota samli kidogo, akaipaka kwenye mianya, akaanza kukinyonga taratibu kulia na kushoto, juu na chini, huku ametega sikio. Alipofumbua macho, rangi zilikuwa zimevurugika mara kumi kuliko alivyoletewa.

"Huyu hajavunjika mahali," akasema. "Ana viungo vingi kuliko mtu, na vyote vinacheza vizuri."

"Mbona rangi zimezidi kuchanganyika, mzee?"

"Rangi ni za kwako. Mimi natibu viungo." Akakigeuza tena, akakunja uso. "Lakini kuna kitu nimekisikia. Hivi vipande vya katikati, kimoja kila upande, haviendi popote. Vinajizungusha palepale. Huo ndio uti wake wa mgongo. Vile vingine ni nyama tu."

Njia nzima ya kurudi Stephania aliyatafuna maneno yale. Alipofika migombani kwake akasimama, akakitoa kidude, akakigeuza huku na huku. Kweli. Nyeupe ya katikati haikuhama, nyekundu ya katikati haikuhama. Hao ndio wenye miji, alijiambia. Wengine wote ni wageni waliopotea njia, na kila mmoja ana mji wake anapongojwa.

Basi akaanza kazi ya kuwarudisha watu kwao.

Alifanya alasiri, akisharudi shambani, akikaa juu ya mkeka wa ukindu aliokuwa bado anausuka. Rangi alizipa majina ya nyumbani. Nyeupe ilikuwa ua la mbuni, nyekundu kahawa iliyoiva, kijani kahawa mbichi, manjano ndizi ya kuiva, buluu kitambaa cha Bikira Maria, na ile ya sita aliiita chungwa tu, kwa kuwa haikutaka jina jingine. Na kwa kuwa msusi wa mkeka anajua kwamba kosa halifuatwi mbele, hufuatwa nyuma, alitafuta namna ya kukumbuka alikotoka. Akachukua utepe wa ganda la mgomba uliokauka. Akigeuza kulia, alifunga fundo. Akigeuza kushoto, alifunga kitanzi. Akipotea, alirudi nyuma fundo kwa fundo.

Wifi yake Therese, dada ya Apolinary, alipita kila jua likielekea kuinama kuchota habari.

"Wifi, kuku wako wa plastiki bado hujamaliza kumnyonyoa?"

"Pita, Therese."

"Nimepita, ila nakuonea huruma kaka yangu. Jana nimemkuta anapika ndizi mwenyewe."

"Zilikuwa na chumvi?"

"Zilikuwa na chumvi ya kutosha kijiji."

Kufika Mei upande mweupe ulikuwa umejaa. Stephania alimwita mumewe aje aone, akavimba kichwa siku nzima. Kesho yake akagundua kwamba nyumba imejaa watu, lakini kila mmoja amekalia kiti cha mwenzake, kwa sababu rangi za pembeni hazikuelewana na wenye miji yao. Akaibomoa. Akaijenga upya mara tisa. Msimu wa kuchuma kahawa ukaja ukapita, vidole vikinata, na Agosti alikuwa ameshapanga safu ya chini na ya katikati, sakafu na kuta kama alivyoziita. Lililobaki lilikuwa paa, na paa lilimshinda. Kila alipomhamisha mmoja wa juu, mmoja wa chini aliporomoka naye.

Septemba ikaja barua. Aliisoma mwenyewe, kidole kikifuata mistari. Fidele alikuwa mzima, masomo yalikuwa magumu, na angerudi wiki ya kwanza ya Desemba. Mwishoni aliandika: "Msalimie kuku, na yule mwingine aliye juu."

Stephania aliikunja barua ile ikawa ndogo kama punje. Usingizi wake haukuwa mzuri tena. Hakuogopa kugombezwa, kwa kuwa Fidele hakuwa mtu wa kugombeza. Aliogopa kumwona kijana yule anafungua leso, ananyamaza, kisha anasema, "Si neno, mama." Hilo "si neno" ndilo aliloliogopa.

Oktoba shangazi yake akafariki kule Nyakakika, akaenda kuketi matanga siku nne. Apolinary akabaki na mbuzi, na kidude, na mawazo. Alikuwa amemwona mkewe anakonda. Alikuwa amemsikia ndotoni anasema "fundo, fundo, kitanzi". Siku ya pili alikichukua kidude, akakitazama vizuri mchana kweupe, akagundua jambo. Rangi zile zilikuwa karatasi zilizogandishwa, na samli ya Mzee Kaijage ilikuwa imezilegeza kingo.

Katika ujana wake Apolinary alikuwa mtegaji wa ndege, na ulimbo alijua kuutengeneza kuliko mtu yeyote pale. Akachanja mfenesi, akakinga utomvu, akauchemsha. Akazibandua karatasi zote kwa ncha ya wembe, akazipanga juu ya jani la mgomba rangi kwa rangi, akazibandika upya moja moja, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Kazi ilimchukua siku mbili.

Stephania aliporudi alikikuta juu ya mkeka. Pande sita, rangi sita. Alipiga magoti na kilemba chake cha msibani kichwani.

"Baba Placidius."

"Naam."

"Hiki kimekuwaje?"

"Labda kimechoka kuhangaika. Hata mtoto mkorofi kuna siku analala mwenyewe."

Stephania akakisogeza machoni. Juu ya upande wa manjano, pembeni, palikuwa na sisimizi. Hakuwa anatembea. Alikuwa amenasa, miguu miwili hewani. Stephania akamtazama sisimizi, akatazama kucha za mumewe, akaona utomvu mweusi umezizunguka.

"Umetega ndege humu ndani, mume wangu?"

Apolinary akatazama nje. "Nimekuonea huruma. Sasa kimetulia, basi. Mpe mwalimu kitu chake na wewe ule chakula."

Hapo palikuwa na njia nyeupe, na Stephania aliiona. Leso ilikuwa imefuliwa. Pande zote zilikuwa sawa. Alikaa nacho mkononi muda mrefu.

"Umewavua watoto wa watu nguo, ukawavisha za wenzao," alisema mwishowe, bila ukali. "Wanapendeza. Lakini hawajafika kwao."

"Nani atajua? Fidele hatauliza."

"Ndiyo sababu. Anayeuliza ana shaka, unaweza ukambishia. Asiyeuliza ameshakuamini."

Akakishika kwa mikono miwili akakigeuza. Kulia, juu, kushoto, nyuma. Karatasi moja ya buluu ikang'oka ikaangukia mkeka. Apolinary alinyoosha mkono kama mtu anayemwona mtoto anaelekea motoni, kisha akaurudisha.

"Siku mbili," akasema kwa sauti ndogo. "Nimechanja mfenesi, nimeungua kidole."

"Nimekiona kidole. Nitakupaka asali." Akaendelea kugeuza mpaka rangi zote zikapoteana. "Ulichofanya sijafanyiwa na mtu tangu nizaliwe. Lakini niache nifike."

Apolinary alinuna jioni ile moja. Kesho yake alikuja mwenyewe akaketi kwenye ukingo wa mkeka na kikopo chake cha ulimbo. Tangu hapo, karatasi iliyong'oka ilikuwa kazi yake. Na kwa kuwa mikono ya mkewe ilikuwa na shughuli, yeye ndiye aliyeshika utepe wa mgomba na kumsomea: "Fundo. Kitanzi. Fundo mbili. Hapa uliandika kama umelewa."

Sakafu na kuta zilirudi kwa wiki mbili. Paa likakataa, kama zamani. Novemba ikaanza kukatika.

Siku moja Stephania alikuwa anatoka shamba la chini na mkungu wa ndizi kichwani. Kijia kile kinapita kati ya mibuni, chembamba, watu wawili hawapishani. Mbele yake akatokea Therese na mtungi wa maji uliojaa pomoni. Kule kwao mwenye mtungi hasimamishwi. Basi Stephania akafanya kama alivyofundishwa na mama yake: akatoka njiani, akaingia hatua mbili kati ya mibuni na mkungu wake kichwani, akangoja. Therese akapita. Stephania akarudi njiani palepale alipotokea.

Akasimama kama aliyeitwa.

Miezi yote ile alikuwa anaogopa kuivunja sakafu aliyoijenga. Kumbe wa chini anaweza kutoka kidogo, amwache wa juu apite, halafu arudi mahali pake. Kutoka njiani si kuhama njia. Ni kupisha.

Akaanza kukimbia.

"Wifi, hata salamu?" Therese akauliza nyuma yake. "Unakimbia na mkungu? Nyumba inaungua?"

"Umenipisha, Therese," alijibu bila kugeuka.

"Wewe ndiye uliyenipisha mimi," Therese akasema, na akabaki akitikisa kichwa, naye na mtungi wake.

Siku tatu walikaa wote wawili na utepe mpya. Mtoe huyu, mpitishe yule, mrudishe huyu. Mara nyingine aliyerudishwa alirudi kinyumenyume, wakaanza upya. Siku ya tatu, mbuzi wakilia nje kwa kusahauliwa, Apolinary akasoma, "Kitanzi. Fundo. Kitanzi, mwisho," na Stephania akageuza mara ya mwisho, kikalia "ka", na pande zote sita zikawa na amani.

Kisha Apolinary akanong'ona, "Sasa usikiguse. Hata kupumua karibu yake, usipumue."

Stephania akakitazama kwa muda wa kutosha kumshukuru Mungu. Halafu akakigeuza tena, akakichanganya chote.

Apolinary akasimama akatoka nje, akaenda kukaa na mbuzi.

"Nataka nijue kama nakijua," mkewe alimwambia kupitia dirishani, "au nimebahatisha."

Alikuwa anakijua. Kabla ya Desemba alikipanga mara nne zaidi.

Fidele alifika siku ya Jumanne, amenenepa kidogo, na shati jipya. Stephania alimkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kisha akamletea ufunguo, jembe, kuku na vifaranga wake saba, na kikapu. Ndani ya kikapu, juu ya kahawa kavu, maana kikapu hakirudishwi kitupu, kilikaa kitu katika leso nyeupe.

Fidele akafungua leso. Pande sita, rangi sita. Akatabasamu, akakiinua. Kisha akakisogeza puani.

"Mama, mbona kinanukia samli?"

Apolinary akaanza kukohoa. Stephania akaketi vizuri, akaweka mikono mapajani, akasema yote: uchaga, masizi, kitambaa, Mzee Kaijage, ulimbo. Sisimizi pia hakumficha. Alipomaliza akasema, "Mpangilio wa padri wako niliupoteza mwezi wa tatu. Huu ni wangu. Nilikuahidi utakikuta hivyohivyo, na hukukikuta hivyohivyo."

Fidele akakilaza kidude kiganjani. Stephania akalingojea lile "si neno".

"Kila jioni nilikuwa nakifungua nakitazama," kijana akasema, macho yakiwa kwenye kidude. "Miaka mitatu. Nilikuwa nakiogopa, mama. Nilijua siku kikigeuka, basi, padri kaondoka kabisa." Akaweka vidole viwili kwenye upande mwekundu. "Nikigeuza, kitarudi?"

"Kitarudi."

"Una hakika?"

"Nina darasa la nne," akasema Stephania.

Fidele akageuza. Kikalia "ka". Akageuza tena, na tena, akaanza kucheka huku anafuta macho kwa mkono wa shati jipya. Stephania akanyoosha mkono kwenye ukuta akatungua utepe wa mgomba uliojaa mafundo, akamwekea mapajani.

"Leo anza na ua la mbuni," akamwambia. "Lile jeupe. Na uketi vizuri, utachoka mgongo."

Jua lilipoelekea kuinama alikuwa bado hajapata hata upande mmoja. Alichukua ufunguo, jembe, kuku na vifaranga saba. Kidude akakifunga kwenye leso, akakirudisha ndani ya kikapu, akakisukuma kwa Stephania.

"Kaa nacho, mama. Nitakuja kila Jumapili baada ya misa." Akafika mlangoni, akageuka. "Ila usikiweke kule juu kwenye moshi."